Nilijifunza Kunywa Bia Ili Nipewe Mke

Niliwahi kutawanya watu tisa kwenye baa kwa kuagiza soda moja tu.

Sikupigana wala sikumtukana mtu. Niliketi, nikasema, "Mama, niletee soda ya machungwa," na kabla chupa haijafika watu wanne walikumbuka wana wagonjwa nyumbani. Wawili wakaenda kukojoa, wakapotelea hukohuko. Watatu waliobaki wakaanza kuisifu serikali.

Hiyo ilikuwa Kampala, mwaka 1975, nyuma ya kambi ya polisi ya Nsambya, kwa mama mmoja aliyeitwa Rosalba.

Kama ulikuwa hujazaliwa, ngoja nikueleze. Jeshi ndilo lililotawala. Mtu alikuwa anachukuliwa mchana kweupe, anatiwa kwenye buti ya gari, na hakuna aliyethubutu kuuliza kapelekwa wapi.

Na wale waliotumwa kusikiliza maneno ya watu walikuwa wanakaa wapi? Baa. Kwa hiyo mtu akija baa, hanywi, kichwa chake kizima, masikio yamesimama, basi mnajua huyo ni mpelelezi. Mlevi kesho hakumbuki ulichosema. Wa soda anakumbuka hadi saa.

Mimi sikulijua hilo. Ningelijua vipi? Mama yangu kule Kabale alikuwa mlokole, wale watu wa kuokoka. Pombe kwetu haikutajwa hata kwa mfano. Siku ile ndiyo niliingia baa kwa mara ya kwanza maishani.

Naitwa Cleopas. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi redio, kibanda changu kiko karibu na soko la Owino. Na nilikwenda baa kwa sababu moja tu, Anena.

Anena alikuwa anashona sare za polisi. Tulijuana alipokuja kuchukua redio ya baba yake niliyokuwa nimeitengeneza. Miezi sita baadaye nilikuwa siwezi kufunga skrubu bila kumfikiria. Baba yake, Sajini Okeny, akatuma neno: huyo kijana aje Jumamosi saa kumi na moja kwa Rosalba, nimwone.

Nikaenda kuonwa. Nikaagiza soda.

Okeny alikuwa mmoja wa wale watatu waliobaki. Alinitazama mpaka nikaona haya kumeza.

"Kijana," akasema, "hapa si kanisa. Watu naogopa wewe. Kama nataka binti yangu, Jumamosi ingine wewe nakuja, nashika chupa kama wanaume."

Jumatatu nikamfuata Anena.

"Fanya vile Baba nasema," akaniambia kwa sauti ya chini. "Shika chupa."

"Lakini mimi sipendi pombe."

"Najua. Mimi pia sitaki mlevi. Lakini shika chupa, Cleo. Usiniulize."

Sasa nyie niambieni. Hataki mlevi, lakini nishike chupa. Nilirudi kibandani nimekasirika, naongea peke yangu. Mwisho nikaamua: mke kwanza, mafumbo baadaye. Nitajifunza bia.

Jamani, ile kitu ilikuwa mbaya!

Bia ya kwanza ilinipanda puani, machozi yakanitoka, nikakohoa hadi mama wa nyanya nje akachungulia. Ilikuwa chungu kuliko klorokwini, na klorokwini angalau inakuponya. Nikajiuliza, hivi watu wanatoa pesa kwa ajili ya hii? Maana wakati ule bia ilikuwa adimu. Watu walipanga foleni, wakahonga, wakapigana ngumi, ili wapate maji machungu yenye povu.

Nikaanza mbinu. Nikaziba pua, ikashuka lakini ikarudi. Nikala na karanga, zikaharibika karanga.

Nikasema, nitie sukari. Na sukari nayo wakati ule ilikuwa dhahabu, robo kilo nilikuwa nimeisotea foleni tangu alfajiri. Nikamimina vijiko viwili ndani ya chupa. Bia ikaruka, povu likaniosha uso, likaingia kwenye redio ya mteja iliyokuwa wazi mezani. Mteja alipokuja akauliza mbona redio yake inanuka baa. Nikamwambia hiyo ndiyo dawa mpya ya kusafishia.

Kwa hasira ile ningeacha. Aliyenishika mkono ni Opoka.

Opoka alikuwa askari magereza, mwili kama kabati, na ndiye aliyekuwa mnywaji mkuu wa meza ya Rosalba. Kila Jumamosi chupa nane tupu zilikuwa mbele yake. Ikifika saa moja anaimba. Ikifika saa mbili amelala kwenye kiti, mdomo wazi.

"Ndugu," akaniambia, "utamu ya bia haiko kwa mdomo. Iko kwa tumbo. Wewe meza kwanza, utamu natafuta wewe pahali uko." Kisha akaita, "Mama Rosalba! Ingine ya huyu fundi! Ile nzuri!"

Miezi mitatu Opoka alinifundisha. Alinifundisha kuinamisha glasi, kutoivuta bia kwa meno, kutoacha ipate joto. Nilipokunja uso aliniambia nisikunje, watu wanaona. Kila nikimaliza, ingine imefika. Watu wakaacha kunihama. Wakaanza kunisalimia kwa jina. Okeny naye akaanza kuniitikia kwa kichwa, chupa yake mkononi.

Lakini nisidanganye mtu. Miezi mitatu yote hiyo nilikuwa namezea mapenzi tu. Ulimi wangu ulikuwa unaichukia bia, na mimi nilikuwa nauchukia ulimi wangu.

Halafu ikaja Alhamisi moja ya Januari.

Petroli haikuwepo. Nilibeba betri ya gari kichwani kutoka mjini hadi Kasubi, kwa mteja aliyetaka redio yake iungurume siku hiyohiyo. Jua lilikuwa linachoma utosi. Nilipomaliza kazi, mteja akaniambia pesa hana, ila ana bia moja aliyoizika kwenye mtungi wa maji tangu jana.

Nikakasirika. Nikaipokea hivyohivyo, maana koo lilikuwa limekauka.

Nikanywa, nikasubiri ule uchungu. Kwanza ukaja ubaridi. Halafu nikasikia harufu ya mkate. Uchungu ukaja mwishoni kabisa, ukanikausha mate, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshairudisha chupa mdomoni.

Nikaitoa, nikaitazama. Nilikuwa nimeipenda.

Mwenzangu, hakuna aliyenionya kwamba ikishakuwa tamu haikubali kurudi kuwa chungu. Nikawa nangoja Jumamosi. Kisha Jumamosi ikawa mbali, nikaongeza Jumatano. Kwa Rosalba nikawa naongea, nachekesha watu, nampiga Opoka begani. Nikasema moyoni, sasa mimi ni mkwe.

Pasaka ya mwaka 1976 Okeny akaniita nyumbani kwake kambini. Saa nane mchana, niende rasmi. Nikaazima koti. Nikanunua mkate na kilo moja ya sukari kwa bei ambayo sitaitaja hapa, nitaumwa.

Anena alinifungulia mlango akiwa na gauni la kitambaa cha kijani. Alikuwa anacheka kwa furaha. Nilimpenda hadi nikasahau kuvua kofia.

Okeny akanikalisha, akaingia ndani, akarudi na chupa mbili za bia zilizokwisha kufunguliwa. Akanipa moja.

"Kunywa, mwanangu. Hapa ni nyumbani."

Aliniita mwanangu. Nikainua chupa kwa raha zote, nikapiga funda moja refu.

Nikatema.

"Mzee, hii imeharibika! Haina gesi. Huyu Rosalba amekuibia!"

Okeny akaangua kicheko. Akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Hiyo ni chai," akasema. "Chai ya rangi. Rosalba natia kwa chupa, naleta kama bia. Mimi nakunywa hiyo miaka tatu sasa."

Nikabaki na chupa mkononi. Akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Ndugu yangu Olweny alikuwa jeshini. Mwaka sabini na mbili akalewa kwa mess, ile baa ya wanajeshi, akasema maneno kidogo tu. Akachukuliwa. Mpaka leo hatuna kaburi. Toka siku hiyo mimi hapana gusa pombe. Lakini nikikaa na soda, watu nasema mimi mpelelezi. Nikikaa nyumbani, wakubwa nasema mimi nachukia serikali. Basi nashika chupa." Akanigusa goti. "Najua na wewe umeteseka. Najua hupendi. Leo pumzika, mwanangu. Kunywa chai."

Kumbe ndivyo. Kumbe mtihani wote ulikuwa wa kushika tu. Na hakuna aliyeniambia, kwa sababu nani atamwambia siri hiyo mtu aliyeingia baa akaagiza soda?

Hapo ndipo nilipaswa kunywa chai ile, nishukuru, nioe.

Mdomo wangu ukasema, "Asante, Mzee. Lakini hakuna moja ya kweli?"

Naapa sikuutuma. Ulisema wenyewe.

Anena alikuwa anaingia na bakuli la kuku. Akalitua mezani polepole, akarudi jikoni bila kunitazama.

Okeny akaiweka chupa yake mezani. Kisha akauliza, "Jumamosi imepita, kwa Rosalba, nakumbuka ulisema nini?"

"Hapana, Mzee."

"Ulisema redio yangu umetengeneza vizuri sana. Sasa nashika London safi. Ulisema mbele ya watu nane."

Kusikiliza London, yaani BBC, wakati ule, tena uwe polisi, tena uwe Mwacholi, kabila lililokuwa linawindwa! Nikageuka kutazama rafu. Redio haikuwepo.

"Niliambia watu wewe mlevi, redio yangu ilikufa zamani," Okeny akasema. "Nikakuja nyumbani, nikavunja na nyundo, ili iwe kweli. Nikasema labda huyu kijana nacheza mchezo kama mimi, amepitisha kiasi tu. Leo nimeona wewe hapana cheza."

Nikamwangukia miguuni. Nikaapa kuacha. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Nililia kwa koti la kuazima, sioni aibu kusema.

"Wewe mutu mzuri," akasema, na alikuwa anamaanisha. "Lakini mutu nakunywa, mdomo yake hapana mlango. Nyumba yangu iko na watu saba."

Anena alinisindikiza hadi geti la kambi. Pale getini akanishika mkono.

"Nilikuambia ushike chupa, Cleo. Nani alikuambia umeze?"

Mwezi huohuo alipelekwa Gulu kwa shangazi yake. Barua zangu hazikujibiwa.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 1979, utawala ule ukaanguka na wanajeshi wao wakakimbia. Watu walikuwa wanabeba magodoro na majokofu barabarani. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Rosalba.

Okeny alikuwa pale, hai, amezeeka. Mbele yake palikuwa na kikombe. Chai ya rangi kwenye kikombe cheupe, mchana, mbele ya watu wote. Tukakumbatiana. Nikamuuliza habari za Anena, nikijifanya nauliza tu.

"Anena ameolewa, mwaka sabini na saba. Mtoto iko mmoja."

"Na nani?"

Alikuwa anaangalia nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona Opoka anaingia, kambeba mtoto wa kike begani, mtoto ana macho ya Anena kabisa.

"Opoka?" nikasema. "Yule mlevi wa chupa nane?"

Rosalba alicheka hadi akashika kaunta. "Opoka mlevi? Huyo toka nazaliwa hajaonja! Zile nane zote chai. Ulikuwa hujui? Yeye ndiye alikuwa naniambia, huyu fundi usimpe chai, yeye napenda ya kweli. Kila Jumamosi."

Nikamtazama Opoka. Yeye akamtazama mtoto, akamwekea sawa soksi.

Mpaka leo sijui. Labda aliniogopa kama wote walivyoniogopa, akaona heri mpelelezi alewe. Labda alikuwa ameshamwona Anena kabla yangu. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakigongea glasi.

Akanivutia kiti. "Ndugu, nakunywa nini?"

Vijana, mnaoniuliza kwenye huu mtandao kama bia ni tamu, hili ndilo nililojifunza. Woga ukikulazimisha kuigiza, igiza, uokoe shingo. Lakini usiwe na kiherehere cha kuigiza vizuri kuliko wenzako. Nchi nzima ilikuwa inaigiza kupenda kitu isichokipenda, mimi peke yangu nikakipenda kweli.

Nilimwambia Opoka aniletee bia. Nilikunywa mbili pale, na mwanawe ananitazama. Zilikuwa tamu sana, na hicho ndicho kinachoniudhi.