Siku Mama Mkwe Alipojiona kwa Televisheni Yangu

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana aibu yenyewe bado haijakauka. Mimi Wachira, mtu mzima mwenye ndevu na kazi ya heshima ya kutunza maabara katika shule moja ya kutwa hapa Nyeri, nilitazamwa na kina mama kumi na wanne kutoka Kiriaini nikiwa nimefunga leso kichwani, nimebana sauti, namwigiza mama mkwe wangu, na mama mkwe mwenyewe ameketi kiti cha mbele na sahani ya mukimo mapajani. Kwetu mama mkwe haguswi hata kwa utani. Ukimkuta njiani unavua kofia, unashusha sauti, unauliza habari za ng'ombe, basi. Sasa mimi nilimwigiza, tena kwa televisheni.

Ilianza na jambo dogo tu. Siku ya ruracio yetu, tulipopeleka mahari, baba mkwe alisimama akatubariki, na shemeji yangu akarekodi kwa simu. Mwaka haukuisha, mzee akatutoka. Simu ya shemeji nayo ikaibwa sokoni Sagana, ikabaki memori kadi tu, ambayo kwa bahati alikuwa ameitoa. Basi dunia nzima ilikuwa na mahali pamoja tu ambapo mzee bado anaongea, nayo ni ile kadi, na ile kadi nikapewa mimi.

Mama mkwe alinipigia mwenyewe. "Wachira, mimi sitaki kuona mzee kwa simu. Kwa simu anakuwa mdogo kama kipande ya sabuni. Niwekee kwa diski, nimuone kwa TV yangu akiwa size yake."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kazi ndogo sana. Mkikuja itara utaipata ikikungoja."

(Itara, kwa wasiojua, ni siku mama wa bibi harusi anapokuja na marafiki zake kuona binti anakaaje, wamebeba kuni, unga, viazi na sufuria. Wanasema wameleta zawadi. Kweli wameleta, lakini macho pia wameyaleta.)

Mke wangu Wangari akanishauri vizuri kabisa: "Si upeleke kwa yule jamaa wa studio hapo steji? Ataichoma ukinywa chai."

"Ya nini, na kompyuta iko nyumbani?" nikamjibu. Hapo ndipo nilipojikwaa, na nilijikwaa nikiona.

Diski ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka asilimia tisini na moja, ikagoma, ikatemwa nje. Ya pili ikagoma katikati. Ya tatu haikufika hata robo. Mtu mwenye akili zake angechukua kadi akateremka studio, lakini mimi kitu kikikataa bila kuniambia sababu hunikosesha raha, hata chakula nakila nikikitazama kama nacho kina siri. Nikatoa daftari. Nikaandika tarehe, saa, aina ya diski, mwendo wa kuchoma, na mahali ilipogomea, kisha kila iliyogoma nikaiandika namba juu yake kwa kalamu ya kawaida. Nikabadilisha kitu kimoja kimoja kama ninavyowahubiria wanafunzi: diski za aina nyingine, mwendo wa polepole, nikasafisha jicho la mashine kwa pamba tunayopangusia hadubini, nikaiinua juu ya vitabu ipate hewa. Wapi! Diski zikazidi kugoma, na ajabu ni kwamba, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi.

Kwa vile video ya mzee ilikuwa ndefu, nikaanza kujirekodi vipande vifupi vya majaribio. Nakaa mbele ya kamera nasema, "Jaribio la nne, sauti nene," nanguruma kidogo, kisha "sauti ndogo," nabana pua. Wangari alikuwa akiniletea chai na kunitazama. "Ukimaliza kuongea na hiyo mashine," akasema, "ukuje uongee na mimi."

Na diski mbovu hazikupotea bure. Wangari alikuwa amepanda minji, yaani njegere, nyuma ya nyumba, na ndege walikuwa wakiivuna kabla yetu, kwa hiyo kila diski iliyokataa ilipitishwa kamba kwenye lile tundu la katikati ikatundikwa juu ya minji, inametameta, ndege wanahama. Angalau kwa upande wa minji nilionekana mwanamume.

Jibu lilikuja siku moja mchana. Nimeketi nasubiri diski ya saba, kikombe cha chai kiko mezani, nikaona chai inatetemeka. Viduara vidogo, vya taratibu, kama kuna mtu chini ya meza anapiga ngoma. Na papo hapo diski ikatemwa. Nikasikiliza: ng'ambo ya ukuta, kinu cha posho cha jirani yetu Mzee Kariuki kilikuwa kimewashwa. Nikalifungua daftari. Kila diski iliyokufa, ilikufa saa ambayo watu wanasaga mahindi! Meza yangu ilikuwa imeegemea ukuta mmoja na kile kinu.

Nikatoka mbio na ndala. "Mzee Kariuki, nimekupata!"

Akazima kinu, uso mweupe kwa unga. "Umenipata na nini tena? Mimi niko na laiseni."

"Ni wewe unaua diski zangu!"

"Diski? Kwani mimi nasaga diski?"

Nikamweleza mambo ya mtetemo mpaka mwenye gunia lake akaanza kulalamika. Nikarudi nyumbani nimevimba kwa furaha, nikamwambia Wangari tutasubiri Jumapili, kinu kikiwa kimefungwa. Akauliza kwa nini nisisogeze meza tu. Nikamwambia sayansi haiharakishwi, na ukweli ni kwamba sikuwa nimefikiria.

Jumapili ikafika, kimya kizuri. Kabla ya kumchoma mzee (samahani, kuchoma diski ya mzee) nikafanya jaribio la nane, na kwa sababu nilikuwa na raha, nikachukua leso ya Wangari nikajifunga kichwani, nikajirekodi. Mtaona mbele. Diski ikakubali, ikacheza safi kwenye deki, nikaiandikia SAWA kwa kalamu ya wino mzito. Kisha nikachoma ya mzee. Nayo ikakubali! Tulimtazama mwanzo hadi mwisho, Wangari akalia, mimi nikajifanya naangalia nyaya. Hiyo sikuiandika kitu juu yake, maana nilikuwa nimesoma mahali kwamba wino unaweza kuidhuru diski, nikataka ya mzee ikae miaka mingi. Nikaiweka mezani juu ya zile mbovu.

Sasa ngojeni niseme lile baya zaidi. Kompyuta ilikuwa inalia haina nafasi, nami nikaifuta video ya mzee. Na kwenye kadi je? Kutoka kwenye kadi nilikuwa nimeihamisha, sikuinakili, ili zile sinema zangu za majaribio zipate pa kukaa. Kwa hiyo mzee alibaki kwenye diski moja tu, isiyo na jina, juu ya rundo la takataka.

Jumatatu asubuhi Wangari akauliza kutoka jikoni, "Hizi ziko kwa meza nitundike?" Nilikuwa na mswaki mdomoni. Nikasema, "Mmh."

Jumamosi kina mama wakaja. Waliingia wakiimba, kuni mgongoni, na mama mkwe mbele, mwanamke mfupi mwenye macho ambayo hayaachi kitu. Wakakagua sufuria, wakakagua kitanda, wakala. Kisha nikasimama, nikakohoa, nikatoa bahasha ya kaki niliyoifunga utepe, ndani yake diski ya SAWA, maana ndiyo pekee niliyoikuta mezani na nilikumbuka nimeandika SAWA kwa mkono wangu. Ningeiweka tu kimya! Lakini nilitoa hotuba. Nikaeleza daftari, nikaeleza viduara vya chai, nikaeleza kinu. Mama mkwe alinisikiliza mikono imekunjana, na nilipotaja jina la mzee, akaweka sahani yake vizuri, akafunga kitambaa chake upya, kama mtu anayesikia mgeni yuko mlangoni.

Nikabonyeza.

Nikatokea mimi. Leso ya maua, ndevu, midomo nimeikunja. "Jaribio la nane," nikasema kwenye skrini, "sauti ndogo." Halafu nikabana pua: "Wachira! Hii chai, mmeweka majani ama mmeionyesha tu kwa mbali?"

Nilitafuta rimoti, haipo. Nikaruka nikasimama mbele ya televisheni nimetandaza mikono, lakini sauti haizibwi kwa mwili, ikawa kama ni mimi ninayesema pale pale mbele yao, uso kwa uso: "Huyo alikuwa mama mkwe. Yeye akikuangalia, unajiona kama majani chai yaliyolowa umande mbele ya karani wa mizani. Lazima akupunguzie kilo za maji."

Wangari akachomoa waya ukutani. Nilisikia kijiko cha mtu kikianguka, na ng'ambo ya ukuta kinu kinasaga tu bila wasiwasi.

Nilingoja nitukanwe. Ningetukanwa ningepumua. Mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini, "Na mzee?"

Nikamwangalia Wangari, Wangari akaniangalia, akashika mdomo. "Ile tupu," akasema. "Haikuwa imeandikwa SAWA. Nilidhani ni mbovu. Niliitundika."

Hatukuaga. Tulitoka mbio mimi na yeye, na kina mama wote nyuma yetu bila kujua wanafukuza nini. Nilijipa moyo kwamba mbovu zote zina namba, nitachukua isiyo na namba. Kumbe jua la wiki nzima na manyunyu yalikuwa yameula ule wino wa namba. Diski nane zilining'inia juu ya minji, zote tupu, zote zinametameta sawasawa, zinagongana kwa upepo.

Nikaeleza, sikuficha kitu, hata la kadi. Nilisema, "Mama, nimempoteza mzee." Mama mkwe alikunja sketi, akaingia katikati ya minji na viatu vyake vya kanisani, akaanza kufungua kamba. Kina mama wakamfuata. Mmoja akapiga kelele juu ya ukuta, "Wewe wa posho, zima hiyo kitu, kuna mtu anatafutwa!" Na Mzee Kariuki akazima, akaja mwenyewe na unga wake, akasimama mlangoni kofia mkononi.

Nikazipangusa kwa shati langu, nikaziingiza kwenye deki moja moja. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kila ikitemwa, kina mama wanasema "aai" pamoja, na mimi napungua kilo. Ya tano, hakuna. Ya sita ikazunguka, ikazunguka, ikakwaruza, na mzee akatokea, koti lake la kijivu, fimbo mkononi, akiwa size yake.

Mzee aliongea kidogo, kisha akageuka upande, akamwita mkewe akae karibu naye, kwa Kikuyu, vile alivyozoea: "Nyina wa Wangari, ũka haha." Mama Wangari, njoo hapa. Na hapo diski ikakwama. Upepo ulikuwa umeikwaruza. "Nyina wa Wangari, ũka haha. Nyina wa Wangari, ũka haha."

Nikainua mkono nibonyeze mbele. "Wacha," mama mkwe akasema.

Mzee akamwita tena, na tena. Mama mkwe akainuka, akavuta kiti chake mpaka karibu na televisheni, magoti yakagusa meza, akaketi, akamjibu kwa Kikuyu kwamba amekuja. Baada ya muda diski ikajinasua, mzee akaendelea na baraka zake mpaka mwisho. Kwa nini ilijinasua, sijui. Nimelitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza maishani sina haja nalo sana.

Jioni wakiondoka, nilimpa ile bahasha, nikiwa nimemwahidi kwamba Jumatatu nitamfuata Kiriaini nichukue diski kwa muda, jamaa wa studio atoe nakala tatu (alizitoa nikinywa chai, kama nilivyoambiwa). Nikasimama nimeinamisha kichwa.

"Wachira."

"Naam, mama."

"Na hiyo ingine pia uniwekee kwa bahasha."

"Gani, mama?"

"Ya huyo mwanamke wa ndevu."

Nikatia. Ningefanyaje? Na tangu siku hiyo nimeapa: kitu cha mtu kikiwa kimoja tu duniani, sikigusi kabla hakijawa viwili; sijibu swali nikiwa na mswaki mdomoni; na leso ya mke wangu inabaki kwa mke wangu.

Wangari ananiambia mama yake huziweka zote mbili kila Jumapili akitoka kanisani. Kwanza ya mzee, na hataki ile ya studio isiyokwama, anataka ile ile ya minji. Akishaitwa vya kutosha na akishalia vya kutosha, anaweka yangu, anacheka mpaka majirani wanasikia. Halafu anampigia binti yake simu, na swali la kwanza ni kama siku hizi kwetu chai tunaiweka majani.