Magunzi Kwenye Bomba la Mama Rose

Juzi, katika boti moja ziwani, fundi alitoa kiota cha nyigu kwenye bomba la hewa la tangi la choo, na uvundo ukaisha. Nilicheka peke yangu.

Kule Kitale, nilipokuwa mtoto, Mama Rose, mwenye ploti tuliyopanga, alimwambia mama yangu mbele ya wapangaji wengine, "Watoto wako ndio wananukisha hapa. Mwisho wa mwezi uhame."

Alipoenda sokoni nilipanda paa lake, nikashindilia magunzi ya mahindi kwenye bomba la hewa la choo chake, nikidhani kinyesi kitapanda kimlipukie. Hakikupanda. Uvundo ndio uliojaa sebuleni kwake, ukachanganyika na harufu ya chai ya tangawizi, akina mama wa kanisa waliomtembelea wakiomba.

"Mama Rose, si ulisema wanaonuka ni wapangaji?" mmoja aliuliza, leso puani.

Fundi wa vyoo wa pale mtaani aliitwa mara tatu, akanusa kila mahali isipokuwa juu. Sisi tulihama. Magunzi niliyaacha.