Tonge Lililochelewa Kumezwa

Mwoka mikate huyu watu walimwita Jicho, maana jicho lake halikubanduka kwenye sahani ya mdogo wake tangu wakiwa watoto. Mdogo akikohoa, Jicho naye alitafuta kikohozi chake, tena kirefu zaidi.

Sasa mama yao, mwenye tanuri, magoti yalikuwa yamemgomea. Ufunguo wa duka ulining'inia shingoni mwake, nao ungekwenda kwa binti mmoja tu. Kila asubuhi alionja mikate yao. Wa mdogo aliutafuna, akafumba macho: "Huu mtamu." Wa Jicho aliumeza: "Huu nao mkate."

Huu nao mkate! Jicho alihisi kama kamezeshwa kaa la moto. Akamwaga sukari kwenye unga mpaka sisimizi wa mtaa mzima wakaja na jamaa zao, wakasukumana mlangoni. Donge likagoma kuumuka, kwani hamira ikizidishiwa sukari huishiwa nguvu. Mkate ukatoka mweusi kama tairi.

Basi akaiba kipande cha mkate wa mdogo wake, akajibanza nyuma ya magunia aonje. Kabla hajameza, mwenyewe huyo kaingia, anachekecha unga na kuimba. Jicho akabaki na tonge mdomoni, hathubutu kumeza, koo lake lina kelele kama bomba bovu. Tonge likalainika. Likaanza kuwa tamu. Likazidi.

"Mnafiki we!" akachomoka, kajaa unga kama mzuka. "Sukari unaificha wapi?"

"Uwii! Dada, umenitoa roho! Sukari gani? Unga, maji, hamira na chumvi, basi."

Mama, aliyekuwa kitini mlangoni, akacheka mpaka ufunguo ukarukaruka kifuani. "Njoo hapa, mwizi wa mkate. Tafuna na wako, ule usiotiwa sukari. Usimeze."

Jicho akatafuna wee. Nao ukawa mtamu vilevile.

"Wanga wa kwenye unga ni sukari iliyofungwa, mwanangu. Ngano shambani hukusanya jua, maji na hewa, ikatengeneza sukari, kisha ikaitunga kama shanga kwenye uzi mrefu, iwe akiba. Ulimi ukipewa uzi mzima hauonji kitu. Mate ndiyo yanayoukata, shanga zikamwagika. Ila mate yanataka muda."

"Sasa mbona wangu hutafuni?"

"Nitafuneje, nawe umenisimamia kichwani, 'Mama umeonaje, Mama wa nani mtamu'? Nameza ninusurike. Mwenzio huweka sahani akaenda zake."

Jicho akanywea. Mama akavua ufunguo, akamtilia mkononi.

"Shika. Tanuri linataka mtu wa kuamka alfajiri, na wewe kwa wivu huo hata usingizi hupati."

Jicho akaubana ufunguo, machozi yakimlenga. Kisha akamtupia jicho mdogo wake, aliyekuwa anatabasamu kupita kiasi.

"Mama," akanong'ona, "na huyu umempa nini?"