Wimbi la Lita Ishirini

Mdogo wangu alifika karakana Jumatatu moja, adhuhuri inakaribia, amebeba mfuko mweupe wa plastiki ulioonyesha kila kilichomo: suruali moja, raba, karatasi zilizokunjwa. Nilikuwa nimeinama mezani nakata kioo. Sikumtambua mpaka aliponiita kaka.

Nilimwuliza mizigo yake iko wapi. Akasema inakuja nyuma.

Karakana yetu iko Musinzira, hapa Gitega. Nasema yetu kwa mazoea tu. Mwenyewe ni mzee wa Kiislamu aliyerithi kazi ya vioo kwa baba yake, akanipokea niliporudi nchini sina ufundi wowote. Mimi na mdogo wangu tulikulia kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania. Alipofikisha miaka kumi na minne, shangazi yetu alipata nafasi ya kuhamia Amerika na watoto wake, akamchukua na yeye. Mimi nilibaki na mama, na kambi ilipofungwa tukarudishwa Butihinda, kwenye shamba ambalo mama alilikumbuka na mimi sikuwahi kuliona. Tangu hapo mdogo wangu alikuwa sauti ya kwenye simu.

Alituambia amekuja likizo ya wiki tatu. Watoto walimpisha chumba chao. Wiki ya tano mke wangu aliniuliza, tukiwa jikoni, likizo za huko huwa ndefu kiasi gani. Nikamjibu kwamba sijui. Kweli sikujua, na nilikuwa najitahidi nisijue.

Mchana alikaa nasi karakana. Mzee alimpa kazi ya kupiga msasa kingo za vioo, naye akaifanya vizuri, bila haraka. Siku moja mzee alimwuliza kule alikuwa anafanya nini. Mdogo wangu akatoa simu, akatuonyesha. Ziwa kubwa katikati ya vilima, mashua nyeupe inakwenda taratibu, na nyuma yake mwanamke amesimama juu ya ubao mfupi, mikono mitupu.

“Nani iko anamuvuta?” mzee akauliza.

“Hakuna, mzee. Anaanza na kamba, halafu anaiachia. Wimbi la mashua linamsukuma.”

“Anaenda wapi?”

“Haendi popote. Anabaki palepale, nyuma ya mashua.”

Mzee aliangalia mpaka picha ikaisha. “Bon, sawa,” akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Kumbe kazi ya mdogo wangu ilikuwa kulitengeneza wimbi lenyewe. Mashua zile zilikuwa za kukodisha. Asubuhi aliziosha, akapakia uzito upande mmoja ili ziiname, na upande wa pili akabandika ubao mdogo, chini ya mstari wa maji, karibu na nyuma. Alinichorea kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Mashua ikipasua maji, maji hufunguka pande mbili, halafu hukutana nyuma. Yakikutana upesi yanavurugana na kuwa povu tupu. Ule ubao unayachelewesha ya upande wake, na upande wa pili wimbi linapata nafasi ya kujipanga. Linasimama refu, laini, mtu anaweza kulipanda.

“Kwa hiyo wimbi linatokea upande usio na ubao?” nikamwuliza.

“Ndiyo. Kila mgeni anauliza hivyo.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu afike.

Mwezi uliofuata tulipata kazi ya madirisha Muyinga, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni kando ya ziwa Rweru. Tulikwenda watatu, mzee akiwa mbele na dereva, sisi wawili nyuma tumeshikilia vioo tangu Gitega, kupitia Karuzi, mpaka mikono ikafa ganzi. Tulipokuwa tunashusha, mdogo wangu alipotea. Nilimkuta nyuma ya jengo, amepiga magoti chini ya mashua iliyofunikwa turubai. Ilikuwa ya faiba, nyeupe, injini yake ndani na panga lake la kusukuma maji chini ya tumbo. Alikuwa anapapasa ubavu wake kwa kiganja.

“Hii ndiyo aina yenyewe,” akaniambia. “Ingekuwa na injini ya kuning’inia nyuma, nisingethubutu. Panga lile linakata watu. Hii, panga lake liko mbali ndani.”

Mfanyabiashara alikuja akatusimamia. Alieleza kwamba aliinunua Bujumbura kwa mtu aliyekuwa anahama, akaileta kwa lori. “Iko hapa miaka mbili, haitembei. Mafuta hakuna. Na wageni wakikuja, wanaangalia kiboko, wanakunywa bia, wanarudia.”

Mdogo wangu alimwonyesha ile simu. Yule bwana aliangalia mara tatu. Mwisho akasema ana dumu moja la petroli, lita ishirini, alilolipata kwa watu wa mpakani baada ya kungoja sana. “Ukiweza kunionyesha iyo wimbi na iyo lita ishirini, kazi iko yako. Utakaa hapa, utafundisha wageni.”

Nilimtazama mdogo wangu usoni, nikaona mtu wa likizo hakubali kazi kwa macho yale.

Kule Amerika, alinieleza, ubao huo unauzwa dukani, wa plastiki ngumu, una vikombe vyake vya mpira vya kunyonya na kamba yake. Lakini wengine hujitengenezea nyumbani, na yeye alishawahi kuona wa mbao ulioshinda wa dukani. Sisi tulikuwa na mbao pale kwenye ujenzi. Vikombe vya kunyonya tulikuwa navyo pia, vile vya kubebea vioo, ambavyo mafundi wa huku tunaviita vantuzi. Mzee alikuwa na pea moja tu, ya zamani, mpira wake bado mzima.

“Vantuzi zangu iko mbili tu,” mzee alituambia. “Zikipotea, mi nitabeba vioo na meno?” Halafu akaenda kuswali, na aliporudi akaviweka mikononi mwa mdogo wangu.

Tulikata ubao wa tripleksi, zile mbao nyembamba za kugundishwa, kama urefu wa mkono wa mtu mzima, tukaupaka rangi ya mafuta mara tatu. Tuliupindisha kwa kabari ili ukibandikwa uinuke kidogo na kuzuia maji. Mdogo wangu alipima kila pembe kwa jicho, akafuta, akapima tena. Akaniachia mimi kazi moja, kufunga kamba ya usalama, ili ubao ukibanduka usizame. Nilifunga fundo nililozoea kufungia vioo kwenye gari.

Siku ya majaribio, kazi ya madirisha ikiwa imekwisha, tulijaza madumu maji ya ziwa, tukayapanga upande wa kulia. Mfanyabiashara akashika usukani. Mdogo wangu alivaa jaketi la kuelea, akaingia majini na ubao wa kupanda aliouchonga mwenyewe kwa mlango wa zamani. Mimi sijui kuogelea. Nilikaa nyuma nimeshikilia chuma, kazi yangu ikiwa kumtazama na kuinua mkono akianguka.

Mashua ilinguruma, ikainama, na nyuma yetu kwa muda mfupi sana niliona maji yakianza kukunjuka, yakiinuka kama shuka linalokung’utwa. Kisha ukasikika mlio wa mpira kubanduka. Ubavu wa mashua una mviringo, na mpira wa vantuzi umezoea kioo kilicho bapa. Hewa iliingia. Ubao ukachomoka, ukavuta kamba, na fundo langu likafunguka mbele ya macho yangu, polepole, nikiliona kabisa. Nilinyoosha mkono nikashika maji.

Ubao ulielea sekunde chache, vyuma vya vantuzi vikauelemea, ukazama kichwa chini. Mdogo wangu aliogelea mpaka pale, akazamia mara mbili, tatu. Mfanyabiashara akampigia kelele atoke, maana upande ule wa mafunjo kulikuwa na viboko. Alipanda mashuani. Alinitazama, nikangoja anilaumu.

“Nusu ya petroli bado ipo,” akasema.

Hatukurudi Gitega siku ile. Mzee alikwenda na gari. Hakuuliza habari za vantuzi. Alituangalia mikono tu, akajua. Sisi tulikwenda Butihinda kwa mama, ambaye mdogo wangu alikuwa amemtembelea mara moja tu tangu afike, kwa siku moja, na zawadi nilizomnunulia mimi.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nyumbani huongea nasi Kirundi, lakini siku ile aliuliza kwa Kiswahili cha kambini, kile alichokuwa akitumia mbele ya maofisa.

“Unarudi lini?”

Mdogo wangu alikaa chini kando ya ungo. “Sirudi, mama. Walinipandisha ndege.”

Akaeleza. Kulikuwa na gari, kulikuwa na polisi, kulikuwa na karatasi ya ukaazi ambayo haikujazwa miaka mingi nyuma alipokuwa mtoto. Kulikuwa na miezi saba ndani ya jengo lisilo na dirisha. Alisimulia kwa mpangilio huo na mimi nikashindwa kuunganisha. Nilichokuwa nakifikiria ni ule mfuko mweupe, mzigo wote waliomfukuza nao, na kwamba mimi, mkubwa wake, niliuona siku ya kwanza na nikauliza kuhusu mizigo.

“Ni nani aliyefanya hivyo?” mama akauliza.

“Hakuna mtu mmoja, mama.”

“Basi tumwendee nani?”

Alitutazama kwa zamu, mimi halafu yeye. Kisha aliinama akaendelea na maharage.

Ubao wa pili tuliutengeneza pale pale uani. Vantuzi nyingine nilizipata kwa fundi wa vioo wa Muyinga mjini, mbovu kidogo. Mdogo wangu alikata pete kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la gari, akazigundisha kuzunguka mdomo wa kila kikombe, ili ulaini wake ufuate mviringo wa mashua. Nyuma ya ubao aliweka kipande cha dumu tupu kilichozibwa, uelee. Kamba alifunga mwenyewe. Sikujitolea.

Tulirudi ziwani Alhamisi asubuhi, maji yametulia. Alisugua ubavu wa mashua kwa sabuni mpaka ukalia chini ya kidole. Akabandika, akavuta kwa nguvu zote, ukagoma kutoka. Akaingia majini.

Mashua ilipoinama nilisikia tofauti kabla sijaona. Povu lilinyamaza. Upande wa kulia, nyuma yetu, wimbi lilisimama, la kijani, na halikuvunjika. Lilitufuata. Mdogo wangu aliinuka juu ya mlango wake wa zamani, magoti yamekunjwa, kamba mikononi. Halafu akaitupa ile kamba kwetu, nikaidaka.

Alisimama bila kushikilia kitu. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuzungumza naye kwa sauti ya kawaida. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini. Mfanyabiashara alikuwa anarekodi kwa mkono mmoja. Wavuvi wawili waliokuwa kwenye mtumbwi walisimamisha makasia, na mkia wa wimbi letu ulipowafikia waliinuliwa na kushushwa, wakashika kingo, mmoja akatukana kwa Kirundi.

Ilidumu labda dakika nne. Injini ikakohoa, petroli ikaisha. Mashua ikakaa sawa, wimbi likatupita likaenda kufia kwenye mafunjo, na mdogo wangu akazama taratibu mpaka kifuani, bado amesimama. Tulirudi ufukweni kwa kupiga kasia, sote watatu, na ilituchukua asubuhi yote iliyobaki.

Mfanyabiashara alifurahi kweli. Alimpa mkono. “Kazi iko yako. Petroli ikikuja tu.”

Petroli haikuja. Hapa Gitega magari yalilala kwenye foleni mpaka watoto wakayageuza mahali pa kuchezea, na Muyinga ilikuwa vilevile. Mdogo wangu alibaki ziwani kungoja, akiwa mlinzi wa jengo la yule bwana, kwa chakula na kitanda. Wageni hawakuja kwa sababu wageni nao huja kwa gari. Nilimpigia kila Jumapili. Mwanzoni aliniambia wiki ijayo. Baadaye akaacha kutaja wiki.

Mvua zilipoanza nilikwenda kumchukua. Nilikuwa nimezungumza na mzee, akasema nafasi ipo karakana. “Umulete. Kazi ya msasa anaijua.” Nilimkuta anasugua ubavu wa mashua chini ya turubai.

“Turudi nyumbani,” nikamwambia.

“Nyumbani wapi, kaka?”

Hakuniuliza kwa ubishi. Alingoja jibu kabisa. Nilifikiria Musinzira, chumba cha watoto. Nilifikiria Butihinda, shamba ambalo hakulima hata mstari mmoja.

“Kwangu,” nikasema.

“Kwako nitakata vioo. Nashukuru. Lakini hii kazi naijua.” Akachovya kitambaa kwenye ndoo. “Siku petroli ikifika nisipokuwepo, atamweka mtu mwingine.”

Nilikaa naye mpaka saa tisa. Tulikula ugali na dagaa, tukazungumza habari za watoto. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na sikutumia hata moja, kwa sababu kila nililolitafuta lilihitaji niwe na kitu cha kumpa. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama hadi nilipopata gari.

Nilipitia kwa mama. Alikuwa amekaa mlangoni anaangalia nyuma yangu, kuona kama tumekuja wawili.

“Amebaki,” nikasema.

“Anakula?”

“Anakula. Samaki.”

“Samaki gani?”

Nikasema dagaa. Akauliza kama wanapikwa na nyanya au bila nyanya, maana alipokuwa mdogo nyanya zilimsumbua tumbo. Nilijaribu kukumbuka ile sahani. Nilikuwa nimekula kutoka humo humo, saa chache tu zilizopita, na sikuweza kukumbuka.