Bugondo wa Papa Janvier

Papa Janvier Nsanzimana alipokuwa na ng'ombe huko Masisi, hakuna aliyemcheka kwa kuwapa majina. Vita vikawamaliza ng'ombe, yeye na mkewe Laurence wakakimbilia Goma, wakapata kiwanja mtaa wa Katoyi, penye mawe meusi matupu ya volkano ambapo hata mbuzi angekonda. Basi akafuga kanga. Ndiyo, kanga, wale ndege wa porini wenye madoa! Mtu wa Rutshuru alimletea mayai saba, akamwekea kuku ayaatamie, yakaanguliwa matano. Na mzee wa watu akawapa wote majina ya ng'ombe.

Kila asubuhi alichuchumaa uani akiwasifu kwa Kinyarwanda, pembe zao na mwendo wao, ndege wasio na pembe hata moja! Majirani walikuwa hoi kwa kicheko.

"Janvier," Laurence alimtania, "siku moja utajaribu kuwakamua."

Aliyempenda kupita wote ni Bugondo, jike aliyepewa jina la ng'ombe wa madoadoa. Alikula mahindi kiganjani mwake, akamfuata mpaka mlango wa choo, akimsubiri nje kwa makelele.

Kisha Laurence akashikwa na malaria, akazimia. Jirani yao Gauthier, fundi seremala kutoka Butembo, hakuuliza mara mbili. Alimlaza mama wa watu juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaisukuma kwenye mvua mpaka hospitali. Laurence akapona.

Sasa, mtu wa namna hiyo unamshukuruje? Kwao Janvier, anayekuokolea nyumba unampa ng'ombe. Ng'ombe hakuwa naye. Alikaa siku mbili chakula hakipiti, ya tatu akambeba Bugondo kifuani.

"Papa Gauthier, huyu ni Bugondo. Sasa ni wako."

Akanyamaza hapo. Kwao, siku ya kutoa ng'ombe hupigi hotuba. Kila mtu anajua kwamba aliyepewa atamtunza, atamzalisha, siku moja atarudisha ndama, na nyumba mbili zitakuwa ndugu. Nani anaeleza jambo linalojulikana?

"Aa, Papa Janvier!" Gauthier alifurahi mpaka akampigia makofi. "Na komunio ya kwanza ya binti yetu Fabiola ni siku ya Mungu! Umetufikiria kweli. Mukuje wote wawili."

Katika maneno hayo yote Janvier akasikia furaha tu. Alirudi nyumbani, akafuta macho, akamwambia mkewe kwamba Bugondo ameenda kwa watu wazuri.

Jumapili, siku ya Mungu, wakaenda, Janvier amevaa koti lake la kanisani. Fabiola alikuwa ndani ya gauni jeupe, amekaa wima asilichafue. Wivine, mke wa Gauthier, akaleta fufu na nyama, na mbele ya Janvier akaweka kisahani chenye firigisi. Katika nyumba ile firigisi ni ya baba, haiguswi na mwingine. Gauthier alikuwa hajawahi kumpa mtu, hata kaka yake.

"Leo ni yako, muzee," alisema.

Janvier akashukuru kwa mikono miwili, akachungulia uani. "Na Bugondo iko wapi? Nilitaka nimusalimie kwanza."

Gauthier akaangua kicheko, akakionyesha kisahani. "Si ndiye huyu!"

"Yesu wangu," Laurence akasema, mkono mdomoni.

Gauthier akaacha kucheka. Alimtazama Laurence, akamtazama Janvier. "Papa Janvier... ulinipatia nifuge?"

Janvier akakitazama kisahani.

"Wivine, ondoa sahani. Ondoa! Muzee, unisamehe. Kwetu mutu akileta ndege karibu na sherehe, ni ya kutia chunguni. Sikujua. Naapa, sikujua!"

Hasira ilimpanda Janvier. Alitaka kusimama, aende zake kwa kanga wanne waliobaki, asivuke tena kizingiti kile. Fabiola alikuwa ameanza kulia bila sauti. Gauthier, mwanaume mzima, alisimama katikati ya sebule yake bila kujua aweke wapi mikono.

"Mama Wivine, acha sahani," Janvier akasema. "Gauthier, ikala, ndugu yangu. Tukule."

Akaichukua firigisi, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu huku wote wakimtazama. Wivine alikuwa anajua kupika. Ilikuwa tamu, jamani, tamu kweli, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.