Kitako cha Mkono wa Kike

Mzee Gaudence wa Nyamiaga hutumia mkono wa kushoto, lakini neno hilo hulisikii kinywani mwake. Baba yake alikuwa katekista, akawalea wanawe kwa Kanuni ya Imani, na humo Bwana ameketi kuume. Watakaowekwa kushoto siku ya mwisho ni mbuzi, na mbuzi wale kila mtu anajua wanakopelekwa. Basi Gaudence akajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia na kusalimia kwa kulia. Ni kulenga tu kulikomshinda. Aliporithi bunduki ya baba yake mkubwa, bega la kulia lilikataa katakata, ikabidi aiweke bega la pili. Ukimbana aseme ni bega gani, anainua kidevu na kujibu, "La mkono wa kike," kama wazee wa zamani.

Mimi ni jirani yake. Shamba langu la muhogo na lake yametengwa na kijia tu, na nguruwe pori hawaulizi mpaka. Upande wetu huu ni yeye peke yake mwenye bunduki ya leseni, kwa hiyo habari za bunduki yake kwangu si umbea, ni chakula. Nayasema haya mapema ili usidhani nampenda kupita kiasi. Nampenda kiasi.

Binti yake wa mwisho, Anneth, ndiye aliyekuwa mwenzake wa porini. Wavulana walikwenda zao Mwanza na hawakuuliza tena habari za nguruwe. Anneth alisoma nyayo vizuri kuliko baba yake, akajua kundi limepita lini na limelalia wapi. Bunduki ikiwa tupu, mzee alimruhusu kulenga nayo nyuma ya jiko, mahali ambapo watu hawawezi kuwaona. Msichana alitaka jambo moja tu: baba amsaidie kuomba leseni, ili siku mzee akichoka, bunduki ibaki na mtu. Gaudence alimjibu, "Tutaona." Na huku kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa nguo za Jumapili.

Kisha kitako cha bunduki, ile mbao ya kuegemeza begani, kikapasuka. Mzee aliteleza kwenye mawe akifuata nguruwe aliyejeruhiwa, bunduki ikatangulia chini. Hakikuwa kitako cha kulilia sana, maana kilichongwa kwa mtu wa mkono wa kulia, na kile kivimbe cha kuegemeza shavu kilikuwa upande usio wake. Miaka yote alikuwa akirudi na shavu limevimba. Safari hii akaamua atafute fundi wa kweli, amchongee kitako kinachomkaa yeye.

Alihangaika. Seremala mmoja wa Ngara mjini, hodari wa vitanda, alimchongea kitako ambacho ungeweza kukilalia, lakini risasi ya kwanza kikaachia kwenye maungio. Mwingine kule Kabanga alimwambia, "Iache hapo, mzee, urudi wiki ijayo," huku akielekeza kidole kwenye kona yenye baiskeli mbovu. Gaudence akaifunga bunduki yake kwenye kitenge, akaondoka bila kuaga. Ndipo akasikia habari za Luhende, Msukuma aliyehamia Biharamulo kutoka Shinyanga, fundi bunduki mwenye kibali cha serikali na kabati la chuma la kufungia kazi za watu. Akaomba ruhusa ya polisi ya kusafiri na silaha, akamchukua Anneth, wakapanda basi.

"Shikamoo, mzee," Luhende alisema, akaweka tupa chini.

"Marahaba, fundi. Nataka kitako kipya. Kiwe cha mkono wa kike."

Luhende akamtazama mzee, kisha akamtazama Anneth aliyesimama nyuma na mfuko. "Cha mkono wa kike?"

"Hujasikia? Cha kike."

"Nimesikia, mzee. Nimefurahi tu."

Gaudence akadhani amefurahi kupata mteja, na kwamba vipimo atavitoa kwenye kitako cha zamani. Akatoka kwenda kituo cha polisi kuonyesha karatasi zake, kama alivyoagizwa. Nyuma yake Luhende akachukua futi kamba, akampima Anneth: mkono, bega, shingo, na kutoka shavuni mpaka jichoni. Anneth hakuuliza kitu. "Mama Novatus," aliniambia baadaye, "niliogopa nikiuliza itageuka isiwe kweli."

Hamkumwona msichana huyo siku zile za kungoja! Aliimba akimenya ndizi. Alinilimia bustani yangu bila kuombwa. Alikwenda mpaka ofisi ya kijiji kuuliza mtu akitaka leseni ya bunduki anaanzia wapi. Baba yake, akiona furaha ile, akaniambia kwa siri kwamba huenda kuna mchumba. Nami, mjinga mwenzake, nikakubali.

Siku ya kuchukua kazi wakaenda tena wote wawili. Kitako kilikuwa cha mninga, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, chembamba pa kushikia, kifupi. Luhende hakumkabidhi mzee. Alimkabidhi Anneth. Anneth akakiweka begani, na bunduki ikatulia hapo kana kwamba imerudi kwao.

Wateja waliokuwa wakisubiri zamu wakatazamana. Mmoja akacheka, "Mzee, bunduki ya harusi hiyo?"

"Nilisema mkono wa kike!" Gaudence akafoka, akainua mkono wake wa kushoto mbele ya watu wote. "Mkono huu!"

"Huo ni wa kushoto, mzee," Luhende alisema polepole. "Ungesema kushoto. Mimi nilimpima binti. Ulikuja naye, nikajua ni wake."

"Huyu? Huyu amenibebea mfuko tu."

Luhende akajaribu tena. "Lakini kimemkaa, mzee. Mtazame. Watu wa namna hii ni wachache. Mwombee leseni, kitako kibaki hivyo, wewe nitakuchongea kingine."

Na mzee alimtazama. Aliona vizuri kabisa, amekiri mwenyewe. Lakini yule mtu alikuwa bado anacheka, na Gaudence angeweza kubeba lolote isipokuwa kicheko cha mtu asiyemjua. Akasema, "Ishushe." Anneth akaishusha.

Luhende akaunga kipande cha mbao, akahamisha kivimbe cha shavu, kikawa kitako cha mzee. Njiani Gaudence alimnunulia bintiye mahindi ya kuchoma. Anneth alishukuru, akayapakata mpaka nyumbani bila kuyala.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Anneth aliacha tu kwenda porini. Akiitwa, alikuwa na nguo za kufua, au kuni, au kichwa. Baadaye akaolewa Kabanga, anauza vitunguu karibu na mpaka, na mumewe ni mtu mwema. Mzee alipiga nguruwe vizuri kwa kitako chake, nasi tukavuna. Kisha mtoto wa jicho akaingia katika jicho la kulengea. Walimpasua, likarudi nusu. Sasa anafyatua, nguruwe wanainua vichwa, wanaendelea kula muhogo wangu.

Mwaka huu, baada ya kuhangaika na moyo wake, alirudi kwa Luhende. Akamwomba akate ile mbao ya kuunga, akipunguze kitako kiwe kama mwanzo. Alikuwa ameshaandaa kila neno la kumwambia Anneth kuhusu leseni.

"Mlete nimpime," Luhende akasema. "Vipimo vile sina tena, na watu hubadilika."

Mzee akatoa simu palepale, akapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Niko hapa kwa fundi Luhende. Anataka akupime."

Kule upande wa pili watu walikuwa wakipatana bei ya vitunguu. Anneth akangoja wamalize.

"Alishanipima, baba," akasema. "Nilisimama wima, hata kupumua sikupumua. Mwambie asikikate tena." Kisha akamuuliza jicho linaendeleaje, akamtakia safari njema.

Gaudence alinieleza haya asubuhi iliyofuata, akiwa amesimama kwenye kijia chetu, bunduki ikiwa bado kwenye kitenge chake. Anakwenda Ngara kuisalimisha polisi. Nilitaka kumlaumu, maana maneno ninayo tele na muhogo wangu umeisha. Lakini alikuwa analia mbele yangu mchana kweupe, na machozi aliyafuta kwa mkono wa kushoto.