Ngoma ya Gatete Hailii Saa Moja

Nilitumwa Rumonge kwa sababu ya mstari mmoja. Bwana Inspekta, mkubwa wangu katika ofisi ya shule za msingi hapa Bujumbura, aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, akaupenda kama mtu anavyopenda shati jipya. Wakuu wa shule za pwani ya kusini walikuwa wamerudi kutoka kwenye mafunzo ya likizo ndefu, ya kwanza ya aina yake tangu tupate uhuru, na wakubwa walitaka kujua kama yamefaa kitu. Yakionekana yamefaa, wakuu wengine wangeitwa. Kazi yangu haikuwa kupima. Nilitumwa kupanga namna ya kupima: shule zipi zitembelewe, siku zipi, na wakaguzi watazame nini. Lakini mstari wa Bwana Inspekta ulikuwa umekwisha kukaa juu ya karatasi, peke yake, ukisubiri wenzake. Ulisema kwamba mkuu ambaye shule yake itakutwa imefungwa saa moja asubuhi atavuliwa ukuu na kurudishwa darasani kuwa mwalimu wa kawaida.

"Nenda ukaujaribu," akaniambia. "Shule tatu zinatosha. Ukirudi utaniambia kama unashika."

Bwana Inspekta ni mtu wa Mugamba, kule juu kwenye baridi na ng'ombe, ambako kengele ya misheni na jua huamka pamoja. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa hapahapa mjini. Nilikuwa na hamu ya kuona pwani ya kusini, na mstari ule nao niliuona mzuri. Ulikuwa mfupi na haukuwa na maneno ya kubembeleza. Nikaukunja, nikautia mfukoni.

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la Asumani, dereva anayepeleka mapipa matupu Rumonge na kuyarudisha yamejaa mawese. Mji ulipoisha, ziwa lilikuja upande wa kulia na halikutuacha tena. Upande wa kushoto milima ilishuka hadi karibu na barabara, ikapanda tena, ikashuka, kama watu wanaojaribu maji kwa kidole cha mguu. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa ya buluu hafifu, kitu cha kuota zaidi kuliko kitu cha kuendea. Mapipa yalipiga kelele nyuma yetu kila tulipovuka daraja.

"Unaenda kufanya nini Rumonge?" Asumani akaniuliza.

"Kupanga jinsi ya kupima wakuu wa shule."

Alibadili gia, mkono mmoja juu ya usukani. "Mutawapima kwa kilo ao kwa mita?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mimi nauliza tu," akasema. "Mapipa yangu najua yanapimwa namna gani. Direkta sijui."

Rumonge ilitupokea kwa harufu ya mawese yanayochemka, tamu na nzito, inayoingia hadi kwenye nguo. Nilifikia kwa shangazi yangu Mwamini, dada wa baba, ambaye hununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka kwenye mitumbwi na kuziuza zikiwa kavu. Alinishika mabega akanigeuza huku na huku.

"Mutoto wa ofisi! Wanakulisha karatasi huko?" Akanipakulia ugali wa muhogo na mikeke wawili wa kuchoma, akakaa mbele yangu kuhakikisha simwachii samaki hata mmoja. Jua lilipozama, nilimwona akitazama ziwani, ambako taa za karabai zilikuwa zinawaka moja moja juu ya mitumbwi, mpaka maji yakafanana na mji mwingine ulioamka wakati wetu unalala. "Giza zuri," akasema kwa kuridhika. "Kesho ndagala zitakuwa nyingi." Nilimsikia, lakini sikuyatilia maanani maneno yale.

Kesho yake, katika shule ya mjini Rumonge, mstari ulishika vizuri sana. Ngoma ililia saa moja, watoto wa wafanyabiashara na mafundi wakapanga safu, mkuu akanionyesha madarasa yaliyofagiwa. Nilirudi kwa shangazi nikipiga mluzi.

Siku iliyofuata nilikwenda Gatete kwa baiskeli niliyoazima kwa jirani, nikiondoka alfajiri ili nisikose ngoma. Njia ilipita chini ya michikichi, na mwanga ulianguka vipande vipande juu ya mikono yangu. Nilifika mapema. Shule ilikuwa juu kidogo, kwenye mwinuko unaotazama ziwa: madarasa manne ya matofali, bati, mlingoti wa bendera, na ngoma kubwa chini ya paa la nyasi. Milango yote ilikuwa imefungwa. Nilisubiri. Saa moja ilifika, ikapita, na hakuna aliyekuja isipokuwa mbuzi.

Nilimhurumia mkuu nisiyemjua. Mstari ulikuwa mfukoni mwangu na haukuhitaji maelezo. Nikashuka ufukweni kutafuta mtu wa kuuliza.

Ufuko ulikuwa umejaa watu. Mitumbwi ilikuwa imerudi, na ndagala zilimwagwa kutoka vikapuni zikimetameta, wanawake na watoto wakizitandaza juu ya mchanga kwa viganja, haraka, kabla jua halijawa kali.

"Amahoro, mama," nikamwambia mmoja. "Direkta wa shule yuko wapi?"

Alinitazama kuanzia chini. "Wewe uko mutu wa wapi, na viatu vya kung'aa ku muchanga?"

"Wa Bujumbura."

"Ehe! Bujumbura banakula ndagala, kuanika habajue. Toa viatu, baba, utakanyaga chakula ya batu."

Nikavua viatu. Akanipa kikapu, na wenzake wakashangilia kana kwamba nimeoa. Nilitandaza vibaya, nilirundika. Mwanaume mmoja aliyekunja suruali hadi magotini, mikono yake imejaa magamba, alikuja akatengeneza rundo langu kimya kimya.

"Ndugu," nikamuuliza, "shule hii ina direkta kweli?"

"Iko."

"Na saa hizi anafanya nini?"

"Anaanika," akasema bila kuinua kichwa, na wanawake wakaangua kicheko hadi mmoja akakaa chini.

Ndivyo nilivyokutana na Direkta Melkiori. Nilipomwambia nimetoka ofisi ya shule, tabasamu lilimpotea usoni. Alisimama akautazama ufuko wote, kutoka majini mpaka kwenye matete, na sasa ulikuwa shuka moja ya fedha isiyo na tundu. Akainua mkono. Juu kule mwalimu mmoja, aliyekuwa amefika wakati sisi tunaanika, akapiga ngoma. Watoto waliokuwa wakitandaza ndagala walikimbilia majini, wakanawa mikono na miguu, wakapanda mwinuko wakisukumana. Nilipofika juu nikihema, viatu mkononi, safu zilikuwa zimenyooka. Niliingia darasani nikakosa pa kukaa. Kila benchi lilikuwa limejaa.

Baadaye, katika chumba chake kidogo, Melkiori alifunga mlango. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, lakini alikaa kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Nilisikia mutakuja. Niambie ukweli, bwana. Hiyo maneno ya saa moja iko kwenye karatasi yenu?"

"Iko."

"Basi mimi nimekwisha." Alitazama dirishani, kwenye nyumba ya mkuu wa shule, ambako mke wake alikuwa akimwagilia mboga. "Nyumba ni ya direkta. Nikitoka kwenye ukuu, tunatoka na kwenye nyumba."

Nikamwomba anieleze, naye akaeleza. Ndagala huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi hupumzika, watoto hulala vizuri na kuja shule asubuhi. Usiku wa giza mitumbwi yote hutoka, na kesho yake samaki wasipoanikwa mapema wanaoza; hakuna mama atakayempeleka mtoto shuleni aache chakula cha nyumba kioze. Kwa miaka, wiki za giza zilikuwa wiki za madarasa matupu, na yeye aliwachapa watoto kwa utoro.

"Halafu kule kwenye mafunzo," akasema, "wakatuuliza: shule yako inakuwa tupu wakati gani, na kwa nini? Nilikuwa direkta siku nyingi, sikuwa najiuliza. Niliporudi nikaita wazazi, tukakaa palepale muchangani. Tukapatana. Wakati wa giza, ngoma inangoja ndagala, na sisi tunatoka jioni zaidi. Mwezi ukirudi, tunarudi saa moja. Masomo ni yaleyale, hatukupunguza hata moja." Akafungua mikono. "Ni hiyo tu nilileta kutoka mafunzo. Nyingine nimesahau."

Nimekua nikipanda juu ya paa, pamoja na nusu ya vijana wa Buyenzi, kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Sikuwahi kufikiri kwamba mwezi uleule unaweza kufungua na kufunga shule.

"Sitakuahidi kitu," nikamwambia. "Mstari si wangu."

"Murakoze," akanishukuru. "Angalau ulianika."

Kabonga nilikwenda alasiri ileile kwa mtumbwi wa injini, nikalala huko, pwani ikipita taratibu, maji ya kijani karibu na mawe na ya buluu nzito pale yanapozama. Kesho yake huko, karibu na mpaka wa Tanzania, shule ilifunguliwa saa moja kamili. Mkuu wake, Direkta Yakobo, mpole na nadhifu, alikuwa amehudhuria mafunzo yaleyale. Aliniketisha nyuma ya darasa. Mwalimu aliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, akasoma kwa sauti nzuri, na aliyoyasomea zaidi yalikuwa mabenchi. Watoto wachache walikaa mbele wakitazamana.

"Wengine wako wapi?"

"Banaanika ndagala. Wakati wa giza iko hivyo." Kisha akaniegemea, akanong'ona kwa furaha: "Lakini uliona mwenyewe, bwana, tulifungua saa moja."

Alifurahi kiasi kwamba sikuweza kumkasirikia. Nikanywa chai yake. Kwa mstari wa Bwana Inspekta, Yakobo angefaulu na Melkiori angehama nyumba.

Jioni, nikiwa nimerudi Rumonge, nilimsimulia shangazi. Alikuwa akichambua ndagala kavu kwenye ungo, akitupa vijiti na mchanga.

"Huyo mukubwa wako," akasema, "iko na ng'ombe?"

"Kwao wako wengi."

"Muulize basi, wanakamuliwa saa ya ofisi ao saa ya ng'ombe?"

Nilicheka usiku ule. Asubuhi niliandika upya karatasi, na swali lake lilikuwa limekaa nyuma ya kila sentensi. Niliandika kwamba kila shule ya pwani itembelewe mara mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Wakaguzi wasitazame mlango umefunguliwa saa ngapi, watazame ni watoto wangapi wamekaa ngoma ikisha kulia. Na kila mkuu aulizwe amebadili nini tangu mafunzo, na sababu yake. Kisha wazazi waulizwe swali hilohilo bila yeye kuwapo.

Ijumaa lori la Asumani lilinirudisha Bujumbura, mapipa yakiwa mazito na kimya. Ziwa sasa lilikuwa kushoto, nami nililitazama kama mtu ninayemfahamu kwa jina.

Bwana Inspekta alisoma karatasi yangu akiwa amesimama. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Mstari wangu uko wapi?"

Nikamweleza juu ya Gatete na Kabonga. Uso wake haukubadilika. "Kila mtu akijipangia saa yake," akasema, "hatutakuwa na shule. Tutakuwa na soko." Akachukua kalamu, nikajua ananirudishia mstari.

"Bwana Inspekta," nikasema, "kwenu Mugamba ng'ombe wanakamuliwa saa ya ofisi au saa ya ng'ombe?"

Kalamu ilisimama hewani. Nilidhani nimepoteza kazi. Kisha akakaa, polepole, akatazama nje ambako hakuna ng'ombe hata mmoja.

"Mwalimu wetu wa darasa la kwanza," akasema, "alikuwa hapigi kengele mpaka awaone ndama wamefungwa. Alisimama mlangoni akihesabu wachungaji wanaoshuka kilimani. Nilikuwa wa mwisho siku zote." Akaivuta karatasi karibu. "Na alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliopata."

Akaisaini karatasi kama ilivyokuwa.

Hayo ndiyo niliyojifunza safarini, nanyi mlio nyumbani myapokee kama zawadi ndogo ya Rumonge pamoja na hizi ndagala: mafunzo mazuri hayafanani kila mahali yanapofika, na anayetaka kuyaona inabidi kwanza ajue mahali penyewe panaamka saa ngapi.

Jumatatu nilimwahi Asumani sokoni, injini ikiwa imekwisha kuwaka. Nikampa salamu za shangazi, kisha nikamwomba apite Gatete amwambie Direkta Melkiori kwamba abaki na ngoma yake, na nyumba yake.

"Kumbe mulimupima!" akapiga kelele juu ya mlio wa injini. "Kwa kilo ao kwa mita?"

"Kwa ndagala," nikamwambia.

Safari hii alicheka, akaingiza gia, na mapipa matupu yakaondoka yakipiga kelele kuelekea kusini.